Kidole Gumba cha Mama Wakili

"Umeipa kompyuta jibu, Mama," alisema Wakili. "Umeitilia jibu mdomoni."

"Si wameuliza jibu?"

"Hawakuuliza jibu. Wameuliza njia ya kulipata."

Mama Wakili alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena na kuitazama skrini kwa jicho la mtu aliyeonewa. Kompyuta ya binti yake ilikuwa mezani, kati ya pasi na nguo ambazo bado hazijapigwa pasi. Zoezi lilimtaka aandike kwa JavaScript, lugha ya kuamuru kompyuta, programu itakayopokea neno lolote na kuligeuza kinyumenyume. Mfano ukatolewa: ukiipa "kaka", irudishe "akak". Mama Wakili aliusoma mfano huo kwa makini, kama anavyosoma kila kitu, halafu akachapa mstari mmoja safi usio na kosa: return "akak", yaani rudisha "akak". Alipobonyeza, juu ilitokea tiki moja ya kijani, na chini yake misalaba myekundu ikajipanga mpaka mwisho wa skrini.

"Lakini ya kwanza imekubali," alisema.

"Imekubali kwa sababu ndiyo uliyoonyeshwa. Hizo nyingine ni za maneno waliyoyaficha makusudi, wakupime. Sasa wakiipa 'ndoo', programu yako itajibu nini?"

"'Akak'."

"Wakiipa 'shangazi'?"

Mama Wakili alifikiri kidogo, kwa haki. "'Akak'."

Kicheko kilisikika kutoka chumba cha mbele, ambako mume wake alikuwa na duka lake la kunyolea. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao nyembamba na siri haikuwa na mahali pa kukaa katika nyumba ile. "Hata mimi nina mteja wa namna hiyo," alisema kinyozi. "Ukimuuliza habari za watoto, anakujibu bei ya saruji."

"Nyoa kichwa cha watu, baba Wakili!"

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa mwanachuo, na jina hilo alilipata utotoni kwa sababu ya kubisha. Alikuwa akibishana hata na daktari aliyetaka kumchoma sindano. Jina lilimganda, likamganda na mama yake pia. Jioni hiyo lakini hakubisha. Alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, kwa sababu alijua kilichokuwa nyuma ya zoezi lile la kitoto, na hakikuwa cha kitoto hata kidogo.

Tangazo lenyewe alilichapa Mama Wakili kwa mikono yake. Meneja wa kampuni ya pampu za maji, ambako Mama Wakili alikuwa mchapaji, alisimama mlangoni akimsomea, naye akachapa kama alivyochapa kila kitu cha ofisi ile tangu enzi za taipureta: kwamba meza ya uchapaji inafungwa, kwamba simu zitajibiwa na sauti iliyorekodiwa, kwamba wafanyakazi wa meza zinazofungwa watapewa wiki mbili za kujifunza, kisha watafanya mtihani wa mwanzo wa kushughulikia maandishi kwa JavaScript. Atakayemaliza mazoezi yote atahamia kitengo cha kumbukumbu. Asiyemaliza atapewa kiinua mgongo chake pamoja na shukrani.

Hapo kwenye shukrani meneja alisita, akamuuliza kama neno hilo linakaa vizuri. "Linakaa," alijibu. Akakiweka kichwa cha tangazo katikati, akakikoleza, akakipigia mstari, akachapisha nakala na kwenda kuzibandika ukutani yeye mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua pini zilikuwa droo gani.

"Hata wewe unaweza kujaribu," meneja alimwambia baadaye, na alisema kwa moyo mweupe. Ndiyo maana ilimchoma. Mtu akikutukana unajua pa kumweka. Huyu alikuwa anamfariji, na lile "hata" Mama Wakili alitembea nalo mpaka nyumbani kama kijiwe ndani ya kiatu.

Kesho yake karani wa stoo alimletea boksi tupu la pampu, gumu, zuri. "La kuwekea vitu vyako, mama, usije ukahangaika siku ya mwisho." Alilipokea kwa asante na kulisukuma chini ya meza. Tangu siku hiyo kila alipovuta kiti, magoti yake yaligonga boksi.

Mshahara wake ndio uliokuwa ukiishikilia nyumba. Kinyozi alikuwa na vichwa vingi Jumamosi na nzi wengi Jumanne, na hilo halikuwa kosa lake. Ada ya chuo, dawa za presha za Bibi, kodi ya nyumba, vyote vilitoka kwenye meza ile inayofungwa. Hakuna aliyelisema nyumbani. Ila kinyozi aliacha kununua gazeti, na Bibi akaanza kudai kwamba chai haimpendezi tena ikiwa na maziwa.

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne, na kati yao mfanyakazi mmoja tu, naye alikuwa Mama Wakili. Kinyozi akishika pasi, mke wake alimwambia, "Lete, utaunguza," naye alileta. Wakili akiosha vyombo, mama yake alivipitia tena kimoja kimoja akidhani haonekani. Bibi, mama yake kinyozi, alikuwa ameacha kukunja nguo kwa sababu kila alichokunja kilikunjuliwa na kukunjwa upya, kwa heshima zote, mgongo ukigeuka. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamestaafishwa.

Basi jioni moja katikati ya wiki ya kwanza, Wakili alisimama kwenye mlango wa jikoni na mikono ameitanua. "Leo Baba anapika. Wewe unakaa na mazoezi yako."

"Baba yako hajui jiko linawashwa upande gani."

"Utamwelekeza. Kwa mdomo. Kutoka hapo hapo ulipo."

Kinyozi alikuwa ameshafunga duka. Aliingia jikoni amekunja mikono ya shati kama anayekwenda kupigana, na maharage yakaanza.

"Baba Wakili, umeyaosha?"

"Nimeyaosha mpaka yameona haya."

"Tia maji."

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

"Ya kutosha, baba Wakili! Kwani hujawahi kuona maharage?"

"Nimeyaona kwenye sahani."

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, alicheka mpaka akashika kifua. "Mwanangu huyo," alisema. "Nilimzaa mwenyewe."

"Sasa yaache yachemke," Mama Wakili alipaza sauti, macho kwenye skrini, masikio jikoni. "Yakikaribia kuiva utatia chumvi."

"Nitajuaje yamekaribia?"

"Utajua."

Hakujua. Mama Wakili alikuwa kwenye zoezi lake, akiandika na kufuta, na harufu ndiyo iliyowaarifu wote kwa pamoja. Aliruka kutoka kitini, Wakili akamzuia, na kinyozi akatokea mlangoni na sufuria mkononi. Ndani yake maharage ya juu yalikuwa mabichi na ya chini yalikuwa makaa.

"Ulisema niyaache yachemke," alisema kwa unyenyekevu. "Nikayaacha."

"Na maji yalipokwisha?"

"Habari ya maji kwisha hukuisema."

Mama Wakili alifungua mdomo ampe vidonge vyake. Kisha akamwona binti yake ameelekeza kidole kwenye skrini, kwenye ile misalaba myekundu. Akafunga mdomo na kukaa chini.

"Ndiyo hiyo, Mama," alisema Wakili. "Kompyuta ni Baba. Inafanya ulichosema, haifanyi ulichokusudia. Na usipoiambia maji yakiisha ifanye nini, itakaa pale pale inatazama moto."

"Nashukuru kwa heshima mliyonipa," alisema kinyozi.

Walikula mkate na chai. Bibi alisimama kuosha vyombo na safari hii hakuna aliyemnyang'anya, kwa sababu Mama Wakili alikuwa amezama kwenye mawazo, akimwangalia mama mkwe wake bila kumwona. Sahani ya kwanza iliwekwa, ya pili ikakaa juu yake, ya tatu juu ya hiyo. Bibi alipozichukua kuzirudisha kabatini, ya mwisho kuoshwa ndiyo iliyotangulia. Mama Wakili aliivuta kompyuta.

"Wakili, njoo. Nikichukua herufi moja moja kuanzia mwanzo wa neno. Halafu kila ninayoichukua naiweka mbele ya zile nilizokwisha kuweka. Siweki nyuma. Mbele."

"Endelea."

"Basi. Zikiisha, neno limegeuka. Hata liwe 'shangazi'."

Kuandika kwenyewe kulichukua muda, maana mabano ya JavaScript hayana huruma na Mama Wakili alikuwa akiyasahau kuyafunga, yeye ambaye hajawahi kuacha mlango wazi maishani mwake. Lakini alipobonyeza, kijani kilishuka kutoka juu mpaka chini. Alipiga makofi peke yake, mara moja, halafu akaona haya.

Nyumba nzima ilihamia mezani. Walitaka kugeuzwa. Kinyozi akawa "izoynik", akatangaza kwamba jina hilo litafaa kwenye kibao cha duka. Shangazi akawa "izagnahs", na wote wakakubaliana kwamba anafanana nalo. Bibi akawa "ibib".

"Mnaona?" alisema Bibi. "Hata kinyume nimebaki mzuri."

Mama Wakili akachapa "idadi", akashtuka. "Imeharibika. Imeliacha vile vile."

"Haijaharibika, Mama. Lisome kutoka nyuma."

Alilisoma kutoka nyuma kwa kidole, herufi kwa herufi, akacheka kicheko ambacho watu wa nyumba ile hawakuwa wamekisikia tangu siku ya tangazo. Kikadumu kidogo, halafu kikakatika.

"Sasa ikishajua," alisema, "mimi nafanya nini?"

Hakuna aliyemwelewa, akaendelea, macho yake yakiwa mezani. "Pale ofisini wananihitaji kwa sababu najua peke yangu. Faili liko wapi, mteja gani mkali, pini ziko droo gani. Sikuwahi kumwambia mtu. Mnadhani nilisahau? Hapa nyumbani vile vile. Haya, nimwambie kila mtu kila kitu. Kompyuta niiambie, baba yako ajue maharage, wewe vyombo, mama nguo zake. Mtanitakia nini mimi?"

Bibi aliangalia mikono yake. Kinyozi ndiye aliyekohoa.

"Mama Wakili," alisema, "mimi nilikuoa kabla sijaonja maharage yako."

Alisema bila mbwembwe, kama anavyomwambia mteja kwamba amemaliza. Mke wake alimtazama. Akainuka haraka kwenda kusugua ile sufuria iliyoungua, na Wakili akamkuta huko baadaye, hajaisugua, amesimama tu akitabasamu ukutani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda, si kwa mteremko, lakini yalikwenda. Aliamka alfajiri na kuandika programu ya kuhesabu irabu. Aliandika ya kukuza herufi ya kwanza ya kila sentensi, akagombana nayo, wakapatana. Alijifunza kujiuliza swali alilofundishwa na binti yake: na maji yakiisha? Neno likiwa na herufi moja tu? Likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa zote? Jikoni, kwa zamu, wengine walipika vitu vya ajabu wakavila bila kulalamika. Mara moja moja Wakili alimkuta mama yake amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ameikumbatia kifuani kwa nguvu, anajizuia.

Siku ya mtihani, kinyozi alining'iniza kibao cha "Tumefunga" na kumsindikiza mke wake mpaka getini kwa kampuni. "Mimi nitakaa hapa na mlinzi," alisema. "Nywele zake zinaniudhi, nitakuwa na la kuangalia."

Mtihani ulifanyika katika chumba cha mikutano, kompyuta zimepangwa kuzunguka meza ndefu. Wengine wote walikuwa vijana: makarani wa mapokezi, wa malalamiko na wa ankara. Msimamizi alikuwa kijana wa kitengo cha kompyuta ambaye Mama Wakili alimpa jina la Masikio kwa sababu ya hedifoni zake, ambazo akizivua kichwani anazitundika shingoni, wala haziendi mbali zaidi ya hapo.

"Msiogope," Masikio aliwaambia. "Ni mazoezi ya wanaoanza. Niwaeleze tu kwa nini tunayahitaji. Tuna maelezo ya mafundi ya miaka na miaka: pampu ipi imetengenezwa, nini kimebadilishwa. Yamejaa uchafu. Kwa mfano, kuna mtu alikuwa anagonga nafasi mbili kila baada ya nukta. Mbili! Kila sentensi, miaka yote hiyo. Sijui alikuwa analipwa kwa nafasi."

Chumba kilicheka. Mama Wakili naye alitoa kicheko kidogo cha adabu, na masikio yake yakapata moto. Mtu huyo alikuwa yeye. Maelezo yote ya mafundi yalipitia kwenye meza yake. Na nafasi mbili hazikuwa uzembe. Shule ya uchapaji aliyosoma, ukiweka moja mwalimu alikuchapa rula ya vidole. Alikuwa amezigonga kwa fahari kila siku ya kazi yake, na kumbe huku nyuma zilikuwa zikiitwa uchafu. Akainamisha kichwa na kufungua zoezi la kwanza.

Kugeuza neno: kijani. Kuhesabu irabu: kijani. Herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi ilimtoa jasho, lakini nayo ikakubali. Likabaki la nne, nalo lilionekana jepesi kuliko yote: pokea maelezo ya fundi, rudisha hesabu ya maneno yaliyomo. Mfano: "Pampu imefungwa" ina maneno mawili. Mama Wakili aliandika programu ikate maandishi kila palipo na nafasi, kisha ihesabu vipande. Akabonyeza.

Tiki moja juu. Misalaba mpaka chini.

Alilisoma zoezi upya. Akaisoma programu yake upya, mabano yote yalikuwa yamefungwa. Kwa wenzake kibodi zilikuwa zinatulia moja baada ya nyingine. Karani wa mapokezi alikuwa amemaliza, anatengeneza nywele kwenye skrini iliyozima. "Zimebaki dakika chache," alisema Masikio. Mama Wakili aliiona ada ya chuo, akaliona boksi chini ya meza, akamwona Bibi akisema chai haimpendezi ikiwa na maziwa. Ilimjia akilini, waziwazi, kwamba angeweza kuinuka sasa hivi akaondoka kabla hajaambiwa, na heshima yake ikabaki. Mikono yake ilikuwa imekwisha shika mkoba.

Na maji yakiisha?

Aliuachia mkoba. Akaamua kuijaribu programu yake kwa mfano wa kwake mwenyewe, si ule wa "Pampu imefungwa". Akachapa sentensi ambazo vidole vyake vilikuwa vimezichapa mara nyingi kuliko jina la mwanawe: "Mpira umebadilishwa.  Mteja ameridhika." Akaiuliza ni maneno mangapi.

Matano, ilijibu.

Alihesabu kwa kidole kwenye skrini. Mpira. Umebadilishwa. Mteja. Ameridhika. Manne. Akahesabu tena, manne. Kidole kikarudi taratibu mpaka pale baada ya nukta, kikasimama. Halafu Mama Wakili akateremsha macho, akakitazama kidole gumba chake cha kulia, ambacho kilikuwa kimetulia juu ya kitufe cha nafasi kama ambacho hakijafanya kitu.

"Ni wewe," alikinong'oneza.

Kati ya zile nafasi mbili palikuwa na kipande kitupu, na programu, kwa utiifu wa kinyozi jikoni, ilikihesabu kama neno, maana hakuna aliyeiambia kwamba utupu si neno. Aliandika upesi: pita kwenye vipande kimoja kimoja, kikiwa kitupu, kiruke, kikiwa na kitu, ongeza moja. Mabano. Mabano mengine. Akabonyeza na kufumba macho.

Alipofumbua, kijani kilikuwa kimefika chini.

Masikio alipita nyuma yake, akasimama, akainama kuangalia. "Umemaliza yote, mama? Hilo la mwisho limewashika wengi kidogo."

"Na mimi lilinishika," alisema Mama Wakili. Angeweza kuliacha liishie hapo, lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu sakafuni akakipita. "Mwanangu, yule mtu wa nafasi mbili ni mimi."

Kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona ofisini: alizivua hedifoni kabisa shingoni, akazishika mkononi kama kofia. "Samahani sana, mama. Sikujua."

"Ungejuaje? Ndivyo tulivyofundishwa, na rula juu yake."

"Lakini kwa nini mbili?"

"Ili jicho la msomaji lipumzike kabla ya kuanza sentensi nyingine."

Masikio alifikiri. "Haikuwa mbaya," alisema, na alimaanisha.

Meneja aliletewa matokeo, akaja mwenyewe chumbani na karatasi mkononi, akilisoma jina la mchapaji wake na kulirudia. "Hongera," alisema, uso umemchangamka kweli. "Kumbe hata..." Akasita.

"Hata mimi," alimalizia Mama Wakili, akampa mkono.

Kabla ya kutoka alipitia stoo kurudisha boksi. Karani alilipokea bila kujua aweke wapi macho yake. "Ni zuri," Mama Wakili alimwambia kwa upole. "Litunze, mtu atalihitaji." Getini, mlinzi alikuwa amenyolewa upande mmoja. Kinyozi alimwona mke wake akija kwa mbali, akamsoma kwa mwendo tu, akaanza kucheka kabla hajaambiwa neno, mkasi mkononi, na mlinzi wa watu akabaki hivyo hivyo mpaka walipomaliza kukumbatiana.

Jioni, nyumbani, kinyozi alipika tena maharage, mke wake akimwelekeza kwa mdomo. Mama Wakili alikaa mezani mikono mitupu, na kukaa huko kulimchosha kuliko mtihani. Aliinuka mara mbili, mara zote mbili Bibi akamvuta gauni. "Kaa, mkwe wangu. Nawe jifunze."

Wakili alipakua. Mama Wakili alipelekewa sahani yake, akaletewa na kijiko, akaletewa na maji ya kunywa. Walimwangalia alipotia tonge la kwanza la mkate uliochovywa mdomoni. Alitafuna. Machozi yakamlengalenga, na si kwa furaha peke yake.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi," alisema kinyozi. "Ulisema kiasi."

Mama Wakili alikunywa maji yote ya bilauri. Akaangalia nyuso zao, zote tatu zikingoja hukumu, akahisi moyo wake umejaa mpaka hauna pa kugeukia.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilisema vibaya. Leteni kompyuta, niandike vizuri."

Waliileta, wakasogeza sahani. Aliandika kama mtu anayejua anayeandikiwa: maji kiasi gani, yafike wapi juu ya maharage, yakipungua ufanye nini, chumvi kijiko kipi, kile kidogo cha mpini uliopinda. Kinyozi alisoma begani kwake akiitikia kila mstari. Wakili naye alisogea, akasoma, akaanza kutabasamu.

"Mama. Angalia baada ya nukta. Umeweka mbili mbili tena." Akanyoosha mkono kuzifuta.

Mama Wakili aliudaka mkono wa binti yake, akaushika, akaendelea kuandika kwa ule mwingine.

"Za ofisini nitazifuta zote kuanzia Jumatatu," alisema. "Hizi za nyumbani usiziguse. Mkizisoma, mtajua ni mimi."